Krapf na Mringe: Kutoa ni Moyo

Jina la Tulia, kwa sikio la mtu wa pwani, ni amri: keti, nyamaza, usikie. Nami nilipofika kijiji hicho cha Kitui nilitulia kweli. Jua lilikuwa kali, vumbi limenijaa hadi kwenye kope. Mama mmoja mzee, asiyenijua wala nisiyemjua, akaniletea maji katika kibuyu, kisha sahani ya muthokoi. Kofia yangu aliiona, lakini dini yangu hakuniuliza. Nilipokuwa nikila nikamkumbuka marehemu Johann Ludwig Krapf, mmisionari ambaye nchi hii ya Wakamba ilimfunza kupokea.

Krapf alizaliwa Ujerumani mwaka 1810. Alifika Unguja Januari 1844, na Sayyid Said akampa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake, ingawa mgeni huyo alikuja kueneza Ukristo. Mombasa, Kadhi Ali bin Mohiddin alimsaidia katika kazi yake ya Kiswahili. Julai mwaka ule ule homa ikamchukua mkewe Rosine, pamoja na binti yao mchanga. Wengi wangefunga virago. Yeye akabaki.

Mwaka 1846 yeye na mwenziwe Johannes Rebmann wakaweka makao Rabai. Miaka ikapita, watu wakisikiliza na kwenda zao. Aliyemwelekea kwa moyo alikuwa Mringe, kiwete maskini, mgonjwa asiye na mali wala jamaa wa kujivunia. Krapf alikaa naye na kuzungumza naye kama mtu na mwenzake. Mringe akabatizwa akiwa karibu na kufa.

Najua msomaji atasema: hiyo ni sadaka yenye ndoana, mkate mkono mmoja na msalaba mkono wa pili. Hoja hiyo ina uzito, wala sifichi kwamba Krapf aliandika maneno makali juu ya dini yetu. Lakini najiuliza, mvuvi gani huketi siku nyingi kwa samaki anayekufa? Mringe hangejenga kanisa, hangeleta kabila nyuma yake. Aliyemketia alitoa kitu kilicho adimu kuliko pishi ya mahindi: alimpa maskini heshima na wakati.

Kisha zamu ikageuka. Krapf alikwisha kufika Kitui mwaka 1849, akakaa kwa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Wakamba, na tarehe 3 Desemba akauona Mlima Kenya. Mwaka 1851 akarudi, wakafuatana na Kivoi kuelekea mto Tana. Wanyang'anyi wakawavamia, Kivoi akauawa, na Krapf akabaki peke yake nyikani. Alipofika mtoni alijaza maji katika mitutu ya bunduki yake ili apate kunywa njiani. Ndugu wa Kivoi wakamlaumu kwa kifo kile, naye akatoroka, akijificha mchana na kutembea usiku. Njaa ikamshinda, akajitia tena mikononi mwa Wakamba, na kwa hisani ya baadhi yao akarudi Rabai akiwa hai. Mtoaji alikuwa amekuwa maskini, na waliompa hawakuwa Wakristo.

Aliondoka kwetu mwaka 1853 afya ikiwa imemharibikia, akarudi kwa muda mfupi mwaka 1862. Alifariki kwao Novemba 1881, akakutwa amepiga magoti kando ya kitanda. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ikatoka mwaka uliofuata.

Katika hadithi za Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, twafundishwa kutoa kwa siri hata mkono wa kushoto usijue ulichotoa wa kulia. Injili nayo ina fundisho kama hilo. Na wahenga wetu wakamaliza: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Kadhi aliujua moyo huo, na Krapf kando ya Mringe aliujua. Yule mama wa Tulia anaujua pia. Nilipotaka kumlipa, aliufunga mkono wangu, akanijazia kibuyu cha njiani.