Carl Akeley na Mashine ya Kurusha Simenti

Katika Makomeno, kama po pote mjini Lubumbashi, ziko nyumba nyingi ambamo baba au babu alifanya kazi ya mgodi. Huko Kipushi, karibu na mji wetu, watu walichimba shaba na zinki hata kupita meta elfu moja chini ya ardhi. Mgodi ule ulisimama mwaka 1993, na mwaka 2024 ukaanza kutoa zinki tena. Mwulize mzee ye yote aliyeshuka huko aliogopa nini. Atakuambia habari ya mawe yaliyo juu ya kichwa.

Zamani njia za chini ya ardhi zilitegemezwa kwa miti. Lakini mti huoza na kuungua, tena haugusi mwamba kila mahali. Nyuma yake hubaki nafasi, na katika nafasi ile jiwe hulegea, kisha huanguka. Siku hizi, katika migodi mingi ya dunia, mwamba hupakwa simenti inayorushwa kwa nguvu ya hewa. Mtu aliyetengeneza mashine ya kwanza ya kazi hiyo alikuwa fundi wa kuhifadhi wanyama waliokufa, na kaburi lake liko hapa Kongo.

Carl Akeley alizaliwa mwaka 1864 katika jimbo la New York, nchi ya Marekani. Baba yake alikuwa mkulima. Siku zile mafundi walijaza ngozi ya mnyama majani makavu tu, hata simba akafanana na gunia. Akeley alichukizwa na kazi hiyo. Yeye alipima mifupa, akafinyanga misuli kwa udongo, na mwisho akaivika ngozi. Watu waliona mnyama kama yu hai.

Alikuwa mkaidi, tena hodari. Mwaka 1896, katika nchi ya Somalia, chui alimrukia. Akeley alimwua kwa mikono yake mitupu.

Alifanya kazi katika jumba la makumbusho mjini Chicago. Jumba lile lilijengwa kwa ajili ya maonyesho ya mwaka 1893, na kuta zake zilikuwa zikibanduka. Mwaka 1907 mkubwa wa jumba alimwomba Akeley atafute njia ya kuzitengeneza upesi. Basi akatengeneza chombo cha chuma, akatia mchanga na simenti vikiwa vikavu. Hewa iliyoshindiliwa ilivisukuma ndani ya mpira mrefu. Mpira wa pili ulileta maji, na vyote vilikutana mdomoni tu, mahali pa kutokea. Simenti ikapiga ukuta kwa kasi, ikashikamana bila mbao za kuizuia. Mwaka 1911 serikali ya Marekani ilimpa hati ya uvumbuzi wake.

Kumbe wenye migodi walikuwa wakitazama. Mwaka 1914 simenti ya kurushwa ilitumiwa chini ya ardhi, katika mgodi wa majaribio wa serikali karibu na Pittsburgh.

Je, simenti nyembamba, pengine ya sentimeta tano tu, yawezaje kuzuia mlima? Peke yake haiwezi. Lakini huingia katika nyufa, ikashika mawe madogo yasitoke. Jiwe dogo likikaa mahali pake, kubwa lililo juu yake nalo hukaa, na mwamba hujibeba wenyewe. Tena hewa na maji haviuli mwamba uliofunikwa. Mahali pabaya zaidi mafundi huongeza misumari mirefu ya chuma iliyopigwa ndani ya mwamba, na wavu wa chuma. Na simenti ikipasuka, ufa ule huwaonya watu kwamba mwamba umesogea. Siku hizi simenti mara nyingi hukorogwa na maji kwanza, tena hurushwa na mkono wa mashine, na mtu husimama nyuma, chini ya sehemu iliyokwisha kuimarishwa.

Akeley mwenyewe hakukaa kuangalia mashine yake. Mwaka 1910 alikuwa penye Mlima Kenya, na huko tembo alimponda hata wapagazi wakadhani amekufa. Akapona.

Mwaka 1921 alifika Kivu kutafuta gorila, ambao watu wa milima ile huwaita ngagi. Watano waliuawa kwa ajili ya jumba la makumbusho la New York. Naona ni neno zito, wala halifichiki. Lakini Akeley aliyewatazama karibu alibadilika moyo. Aliona kwamba wanyama wapole namna ile wangekwisha kabisa kwa bunduki za wawindaji, akahimiza walindwe. Mwaka 1925 Mfalme Albert wa Ubelgiji akaiweka milima ile kuwa hifadhi, ya kwanza ya namna hiyo katika Afrika. Leo twaiita Virunga.

Mwaka 1926 Akeley alirudi huko na mkewe, Mary. Alipanda akiwa mgonjwa. Mwezi wa Novemba akafa kwenye mlima Mikeno, na wenzake wakamzika huko Kabara, kati ya Mikeno na Karisimbi, mahali alipopapenda kuliko pote. Mary alibaki akaimaliza kazi ya safari. Ngagi wangali wanaishi katika misitu ile.