Dk. Paul White wa Mvumi



Safari hii katika ukurasa wa watu waliobeba jina la kwetu tumemchagua mtu ambaye hakuzaliwa Ugogo na hakuzikwa Ugogo. Alikaa Mvumi kwa muda mfupi kuliko mtoto anavyokaa shule ya msingi. Hata hivyo, hakuna mtu aliyeitangaza Mvumi nje ya nchi kama yeye. Wazee wa kanisa wanamkumbuka kama daktari wa misheni, na ng'ambo alijulikana kwa jina la vitabu vyake, Jungle Doctor, yaani daktari wa msituni. Tangu mwanzo watu wa kwetu wamelicheka jina hilo. Msitu gani huo wa Mvumi? Tunajua sisi kuna mibuyu, miiba, vumbi la mwezi wa kumi na korongo la mchanga ambamo mama huchimba maji kwa kibuyu. Pengine waliopanga majina ya vitabu waliona neno mbuga halitauza.

Paul White alizaliwa Februari 1910 katika mji wa Bowral, jimbo la New South Wales, Australia. Baba yake alifariki Paul akiwa bado mtoto mdogo, mama akabaki na huyo mmoja. Kijana akasoma Sydney, akawa mkimbiaji hodari wa mbio ndefu, na akiwa bado shuleni akaokoka katika mkutano wa injili wa mhubiri mmoja kutoka Ireland. Tangu hapo alitaka kwenda Afrika akiwa daktari. Alimaliza udaktari Chuo Kikuu cha Sydney, akamwoa Mary Bellingham mwaka 1936, na mwaka 1938 wakaja Tanganyika na mtoto wao mchanga.

Kwa nini Mwaustralia aje Ugogo? Misheni ya CMS ilifika Mpwapwa katika miaka ya 1870 ikitokea Uingereza, na kutoka huko ikasogea magharibi hadi Mvumi na Buigiri mwanzoni mwa karne iliyopita. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza na njaa ya Mtunya, makao ya misheni yalikuwa hoi na London haikuwa na fedha. Wakristo wa Australia ndio waliokubali kuubeba mzigo. Mwaka 1927 ikaundwa Dayosisi ya Central Tanganyika, na askofu wake wa kwanza akawa George Chambers, padri wa mtaa mmoja wa Sydney. Chambers alikuwa bingwa wa kuomba. Kila alipokwenda likizo kwao alirudi na ahadi za fedha na majina ya vijana walio tayari kuja. Ni katika mkondo huo walikuja walimu, wauguzi na huyu daktari.

Mvumi aliyoikuta ilikuwa nchi ya Mtemi Mazengo, safari ya kilomita kama 40 kutoka stesheni ya reli ya Dodoma, na mvua ikinyesha gari linaweza kulala njiani. Hospitali ilikuwepo, lakini tusiifikirie hospitali ya leo. Maji yalikuja kwa madebe ya mafuta ya taa vichwani mwa watu. Usiku mgonjwa alipasuliwa kwa mwanga wa taa ya mafuta. Penisilini haikuwa imefika. Dawa za salfa ndiyo kwanza zilikuwa zinaanza kutumika duniani, na daktari alizihesabu kidonge kwa kidonge. Vita vya pili vilipoanza mwaka 1939, yeye alikuwa huko huko Mvumi.

Magonjwa yaliyompokea tunayajua. Malaria. Vichomi. Homa ya papasi, wale wadudu wanaojificha kwenye nyufa za udongo wa tembe na kutoka usiku. Mama aliyeshikwa na uchungu siku ya tatu, akaletwa kwenye kitanda cha kamba mabegani mwa shemeji zake. Na zaidi ya yote macho. Moshi ndani ya tembe, mifugo karibu na walipolala watu, nzi, na maji machache mno kuwanawisha watoto uso. Trakoma ilikuwa imewapofusha wengi hata ikaonekana kama sehemu ya kuzeeka. Si ajabu kwamba shule ya kwanza ya wasioona katika nchi yetu ilifunguliwa Buigiri mwaka 1950, na kwamba Mvumi baadaye ikajulikana mbali kwa tiba ya macho. Shida hiyo ilikuwa imekaa miguuni petu muda mrefu.

Hapa lazima tuseme jambo ambalo vitabu vyenyewe vinalisema, lakini wasomaji wa Ulaya hawakulitilia maanani. Daktari alikuwa mmoja, mgeni, na Cigogo chake mwanzoni kilikuwa cha mtoto. Waliomfanya aweze kazi ni watu wa Mvumi: wauguzi wa kiume waliojua kusoma darubini, mabinti waliokuwa wakifundishwa ukunga wakati majirani bado wanashangaa binti ambaye hajaolewa anafanya nini kwenye chumba cha uzazi, walimu wa injili waliokaa na wagonjwa kivulini asubuhi kabla dawa hazijagawiwa. Katika vitabu vyake wanatokea kwa majina kama Daudi na Sechelela, huyo wa pili akiwa mama mzee, mkuu wa wauguzi, mwenye jina ambalo kila Mgogo anajua maana yake. Ukisoma kwa makini utaona daktari mara nyingi anakata tamaa, na Sechelela ndiye anayejua familia ipi ifuatwe, bibi yupi azungumzwe naye, na saa ipi mtu anyamaze. Kuwa mchungaji katika Mvumi ya siku zile kulikuwa ndiko huko. Ibada ilikuwapo kila asubuhi, lakini neno liliingia zaidi pale mtu alipokesha na mtoto wa mwenzake.

Tusifiche na upande mwingine. Vitabu viliandikwa kwa macho ya wakati wake. Bwana Daktari yuko katikati, na mganga wa kienyeji karibu kila mara ni adui, mwenye hila na tamaa. Sisi tuliolelewa na mabibi waliojua mizizi ya tumbo na ya homa tunakunja uso tukifika kurasa hizo. Kweli wako waliowaua watu kwa dawa kali na kwa kuchelewesha. Wako pia waliotibu. White aliona zaidi wale wa kwanza, kwa sababu waliofanikiwa kutibiwa nyumbani hawakuletwa kwake.

Kilichobadilisha maisha yake ni ugonjwa nyumbani mwake. Mary aliugua, akaugua sana, na ikawa wazi kwamba hawezi kupona akiwa Ugogo. White alikuja akitazamia kufanya kazi ya maisha. Mwaka 1941 alifunga masanduku, akamchukua mkewe na kurudi Sydney. Kwa misheni ya siku zile kuondoka mapema kulionekana kama kushindwa, na mtu anaweza kuwaza safari ile ya meli wakati wa vita ilivyokuwa, na mgonjwa ndani, na nyuma yake hospitali isiyo na daktari. Mary aliishi na ugonjwa miaka mingi. Alifariki 1970. Mumewe hakurudi tena kuishi Mvumi.

Badala yake akaanza kusimulia. Akiwa Sydney alipewa nafasi redioni, akawa anawaeleza Waaustralia habari za Mvumi kwa namna alivyojifunza Mvumi: hadithi kwanza, fundisho baadaye, na lisiwe refu. Wagonjwa wa Mvumi walikuwa wamemfundisha kwamba hotuba huwalaza watu, bali ukianza na fisi na nyani hata mwenye homa anainua kichwa. Watoto walikaa kando ya redio kusikiliza habari za mahali ambapo wazazi wao wasingeweza kupaonyesha kwenye ramani. Kitabu cha Jungle Doctor kilitoka 1942, vikafuata vingine kwa mfululizo. Baadaye zikaja ngano za wanyama, zenye Simba, Twiga, Nyani na Fisi wetu anayeitwa humo kwa Cigogo, Mbisi. Ngano hizo zilichorwa, zikawekwa kwenye picha za kuonyeshwa ukutani, na vitabu vyake vikatafsiriwa kwa lugha zaidi ya 80. Kuna watoto wa Asia na Amerika ya Kusini waliolijua neno la Cigogo kabla hawajajua Tanzania iko wapi.

Wakati huo huo aliendelea na udaktari mjini Sydney, na kuanzia 1943 hadi 1950 alikuwa katibu mkuu wa umoja wa wanafunzi wa kiinjili wa vyuo vikuu vya Australia. Kwa wale vijana wa vyuo alizungumza habari za Mvumi tena na tena. Wengi walioenda kufanya kazi ya udaktari na uuguzi katika nchi za mbali, Tanganyika ikiwamo, walisema walianza kuwaza hivyo wakiwa watoto na kitabu chake mkononi. Hivyo yule aliyeondoka baada ya miaka mitatu aliwaleta wengine waliokaa kumi na ishirini.

Hili ndilo lililotufanya tumchague mwaka huu, maana wengi wetu tunaosoma kijitabu hiki tuko mbali na nyumbani. Tuko Dar es Salaam, Mwanza, Arusha, wengine ng'ambo, kila mmoja na sababu yake: kazi, ndoa, ugonjwa, masomo ya watoto. Tunajua uzito wa kuulizwa kwenye msiba umekuja lini mara ya mwisho. White aliulizwa swali hilo na nafsi yake kwa nusu karne, na kazi yake ya kila juma ikawa kuwafanya watu wasioijua Mvumi waikumbuke.

Mwaka 1971 alioa tena. Mwaka 1977 alitoa kitabu cha maisha yake mwenyewe, na kichwa chake bado kilikuwa na lile jina la daktari wa msituni, ingawa wakati huo alikuwa na miaka zaidi ya 60 na kwa muda mrefu wagonjwa wake walikuwa wazee wa Sydney wenye maumivu ya viungo. Alifariki Desemba 1992 akiwa na miaka 82.

Hospitali ya Mvumi ipo. Pembeni yake kuna chuo cha afya ambako vijana wa kike na wa kiume wanafundishwa kazi ileile ambayo mabinti wa Sechelela waliianza wakichekwa na majirani. Maji ya kiangazi bado ni shida katika vijiji vingi vinavyoizunguka, na mama wa Handali au Makang'wa akishikwa na uchungu usiku wa masika, swali la kwanza nyumbani ni lilelile la 1938: tunampeleka kwa usafiri gani?