George Washington Carver: Mwana wa mtumwa aliyeipeleka shahada ya uzamili shambani

MAPEMA mwaka 1896, barua kutoka jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani, ilimfikia msomi mmoja mweusi aliyekuwa akifanya utafiti wa mimea katika chuo cha kilimo mjini Ames, jimbo la Iowa. Aliyeiandika alikuwa Booker T. Washington, mkuu wa Taasisi ya Tuskegee na mmoja wa Wamarekani weusi waliosikika zaidi enzi hiyo. Washington alihitaji mtu wa kuongoza idara mpya ya kilimo. Kwa kuwa walimu wote wa taasisi yake walikuwa weusi, hakutaka kuvunja desturi hiyo kwa kumwajiri mzungu. Aliyekuwa na elimu iliyotakikana, na ambaye angeweza kupatikana, alikuwa huyo mmoja tu.

George Washington Carver hakukurupuka kuifuata kazi hiyo. Alijibu kwamba yu tayari kuwatumikia watu wake, lakini hangeondoka Ames kabla ya kukamilisha shahada yake ya uzamili katika masuala ya kilimo na mimea. Washington akalazimika kusubiri miezi kadhaa, ingawa mshahara aliokuwa ameahidi, dola 1,000 kwa mwaka, ulikuwa mkubwa kwa mwalimu mweusi wa wakati huo.

Mtu asiyejua alikotoka Carver angedhani ni kiburi cha msomi. Ukweli ni kwamba mtu huyu, aliyekuwa amefikia umri wa miaka thelathini na ushei, alikuwa ameisaka elimu kwa karibu miaka ishirini, akifungiwa mlango mmoja baada ya mwingine. Kuiacha shahada hiyo hatua chache kabla ya kuimaliza kungekuwa sawa na kutupa alichokitolea jasho maisha yake yote.

Carver alizaliwa karibu na kijiji cha Diamond, jimbo la Missouri, mnamo 1864 au 1865. Tarehe yenyewe hakuna aliyeiandika, maana mamake, Mary, alikuwa mtumwa, na kuzaliwa kwa mtoto wa mtumwa hakukuhesabiwa kuwa jambo la kuwekewa kumbukumbu. Mary alikuwa amenunuliwa mwaka 1855 na mkulima aitwaye Moses Carver kwa dola 700. Babake mtoto anasadikiwa kuwa mtumwa wa shamba jirani aliyefariki katika ajali.

George akiwa bado mchanga, majambazi waliotumia vurugu za vita vya wenyewe kwa wenyewe kuiba watumwa walivamia shamba hilo na kumteka pamoja na mamake. Moses alimtuma mtu awafuatilie, naye akarejea na mtoto pekee, mgonjwa wa kifaduro na karibu kufa. Simulizi iliyozoeleka husema mtoto huyo alikombolewa kwa farasi mmoja. Mary hakuonekana tena.

Utumwa ulipokomeshwa, Moses na mkewe Susan, ambao hawakuwa na watoto wao, walimlea George na nduguye Jim. Jim alikuwa na nguvu za kazi za shamba. George alikuwa dhaifu wa mwili, hivyo akabaki nyumbani akifunzwa kupika, kushona na kufua. Saa zake za mapumziko alizimalizia msituni akikusanya maua na mizizi, na majirani wakazoea kumpelekea mimea yao iliyonyauka ili aitibu. Kazi hizo za nyumbani, ambazo wavulana wenzake wangezicheka, ndizo zilizokuja kumlipia karo.

Shule ya karibu ilikuwa ya wazungu pekee. Akiwa na umri wa miaka kumi na kitu, Carver alitembea takriban kilomita 13 hadi mji wa Neosho, kulikokuwa na shule ya watoto weusi, akapokewa na mama mkunga aitwaye Mariah Watkins, aliyempa malazi ili naye amsaidie kazi za nyumba. Mwalimu wa shule hiyo hakuwa na mengi ya kumfunza, na haukupita muda mrefu kabla ya mwanafunzi kuhamia jimbo la Kansas. Huko Fort Scott, mwaka 1879, alishuhudia umati wa wazungu ukimuua mtu mweusi kinyama. Aliondoka mjini humo mara moja. Miaka iliyofuata alihama mji baada ya mji, akiwafulia watu nguo ili asome, hadi alipokamilisha masomo ya sekondari. Ni katika safari hizo alipojiongezea herufi W katika jina lake, kwa kuwa mji mmoja ulikuwa na George Carver mwingine na barua zao zilichanganyika. Watu wakachukulia kuwa ilisimamia Washington, naye hakuwabishia.

Mwaka 1885 alituma maombi kwa njia ya posta katika chuo kimoja cha Kansas kilichoko Highland, na akakubaliwa. Alipowasili na wakuu wa chuo wakauona uso wake, alielezwa kuwa chuo hicho hakipokei watu weusi.

Pigo hilo lilimuumiza kiasi cha kuiweka elimu kando kwa miaka kadhaa. Alichukua kipande cha ardhi ya serikali katika nyika za magharibi mwa Kansas, akajenga kibanda cha mabonge ya udongo wenye nyasi, na kulima kwa mikono ekari zipatazo 17. Ukame na tufani za theluji zilimshinda. Mwishoni mwa miaka ya 1880 alihamia Iowa, ambako mume na mke wazungu waliokutana naye kanisani, akina Milholland, walimshikilia hadi akakubali kujaribu chuo kwa mara nyingine.

Chuo hicho kilikuwa Simpson, mjini Indianola, alikojiunga mwaka 1890 kusomea uchoraji na piano. Mwalimu wake wa sanaa, Etta Budd, alibaini kwamba mwanafunzi wake alichora mimea kwa jicho la mtu anayeijua kwa undani. Budd alikuwa na hofu kwamba mchoraji mweusi angekufa njaa Marekani. Babake alikuwa profesa wa kilimo cha matunda na maua huko Ames, na kwa ushauri wake Carver alijiunga na Chuo cha Kilimo cha Iowa mwaka 1891, akiwa mwanafunzi wa kwanza mweusi katika taasisi hiyo ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa.

Mapokezi hayakuwa mema. Hakuruhusiwa kula na wanafunzi wenzake. Alitumwa kula chini ya jengo pamoja na vibarua. Habari hizo zilipomfikia mama mmoja mzungu wa Indianola aliyemjua, Bi Liston, alijitwika kofia yake bora kabisa, akasafiri hadi Ames, akashuka kule chini na kuketi kula na Carver mbele ya macho ya wote. Inasimuliwa kwamba mambo yalianza kubadilika tangu siku hiyo. Huenda simulizi imepambwa kidogo, lakini haina shaka kwamba kabla ya kuondoka Ames, Carver alikuwa amekuwa mmoja wa wanafunzi waliopendwa chuoni.

Alihitimu shahada ya kwanza mwaka 1894, na tasnifu yake ilihusu jinsi binadamu anavyoibadilisha mimea kwa kuchagua na kuchanganya mbegu. Profesa wake wa botania, Louis Pammel, hakutaka aende kokote. Alimpa kazi ya msaidizi katika kituo cha majaribio, akamkabidhi nyumba ya vioo ya kuoteshea mimea na kumruhusu kufundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza huku akisomea uzamili. Hivyo mwana wa mtumwa akawa mweusi wa kwanza kufundisha katika chuo hicho.

Taaluma aliyobobea ni ile ya kuvu, yaani viumbe wanaoleta kutu kwenye ngano, ubwiri kwenye zabibu na madoa kwenye majani ya miti ya matunda. Kazi hiyo huhitaji mtu mwenye subira ya kutembea kutwa nzima akichungulia chini ya majani, kisha akeshe na darubini. Carver alikusanya vielelezo kwa wingi, na pamoja na Pammel akachapisha ripoti kuhusu magonjwa ya mimea na tiba zake. Katika matembezi hayo mara nyingi aliandamana na mtoto wa mwalimu mwenzake, Henry Wallace, akimfunza majina ya nyasi na maua. Mtoto huyo alikuja kuwa Waziri wa Kilimo na kisha Makamu wa Rais wa Marekani kuanzia 1941 hadi 1945.

Kwa hivyo, alipotunukiwa shahada ya uzamili mwaka 1896, njia mbili zilikuwa wazi. Angebaki Ames, ambako walimu wake walimtaka, aendelee hadi uzamifu na kuwa bingwa wa elimu ya kuvu. Au angekwenda Alabama. Aliitupa mkono njia ya kwanza, na hakuwahi kusomea shahada ya uzamifu. Ile ya udaktari aliyopewa na chuo cha Simpson mwaka 1928 ilikuwa ya heshima.

Aliwasili Tuskegee Oktoba 1896. Maabara haikuwapo. Aliwatoa wanafunzi wake wakachakura majaa ya taka, wakaokota chupa, mitungi iliyovunjika na vipande vya nyaya, na kwa hivyo wakatengeneza vifaa vya kwanza vya majaribio. Ardhi ilikuwa ya mchanga na imechoshwa na pamba iliyopandwa mwaka hadi mwaka. Wakulima wengi weusi walikuwa wakilima mashamba ya wengine na kugawana mazao na wenyewe, huku wakikopa mbegu na chakula dukani kwa dhamana ya pamba ambayo bado haijaota. Mwenye duka alitaka pamba, kwa hiyo mkulima hakuthubutu kupanda kingine.

Hapo ndipo elimu ya Ames ilipofanya kazi. Carver alijua kwamba mikunde, kama vile kunde na njugu karanga, hushirikiana na bakteria walioko mizizini kuvuta naitrojeni hewani na kuirejesha udongoni. Mbolea ya dukani mkulima maskini hakuimudu. Majani makavu ya msituni na tope la vinamasi vilipatikana bure na vilifaa kutengenezea mboji. Alijaribu hayo yote katika kituo cha majaribio ambacho Bunge la Alabama lilikitengea dola 1,500 kwa mwaka kuanzia 1897, kisha akayaandika katika vijitabu vya lugha nyepesi. Kwa wasiojua kusoma, Tuskegee ilianzisha mwaka 1906 gari la kukokotwa na nyumbu, lililosheheni mbegu na zana, likaenda kuwafunza wakulima mashambani mwao.

Uhusiano wake na Washington haukuwa wa asali. Mkuu huyo alitaka hesabu za kuku na mayai zilizonyooka. Carver alitaka maabara. Walimu wenzake walinung'unika kwamba alipewa vyumba viwili ilhali wao walibanana. Mara kadhaa alitishia kujiuzulu, na kila mara akabaki.

Tuskegee ilikuja kugusa hata Kenya. Baada ya tume ya Phelps-Stokes kuzuru Afrika Mashariki mwaka 1924, Shule ya Jeanes ilifunguliwa Kabete mwaka 1925 kwa kufuata mfano wa Hampton na Tuskegee. Wakoloni walipendezwa na wazo la kuwafunza Waafrika kazi za mikono. Hawakutaja sana kwamba mwalimu mashuhuri zaidi wa Tuskegee alikuwa na shahada ya uzamili ya sayansi, na kwamba bila hiyo hangekuwa na la kuwafunza wakulima.

Umaarufu wa Carver ulipaa Januari 1921, alipofika mbele ya kamati ya Bunge la Marekani kutetea ushuru wa kuwalinda wakulima wa njugu. Alipewa dakika kumi. Licha ya kejeli za ubaguzi kutoka kwa mmoja wa wabunge, bidhaa alizozitoa sandukuni ziliwanasa wasikilizaji kiasi kwamba alizungumza zaidi ya saa moja na nusu. Tangu hapo magazeti yalimfanya mchawi wa njugu. Alisemekana kuvumbua siagi ya njugu, jambo ambalo si kweli, na mamia ya bidhaa ambazo nyingi hazikufika sokoni. Hataza zake zilikuwa tatu tu. Wanahistoria wamemlaumu kwa kutoandika kanuni za majaribio yake, nao wana haki. Vijitabu 44 vya Tuskegee havikuvuma hivyo, ingawa ndivyo vilivyomsaidia mkulima.

Carver hakuoa. Alifariki Januari 5, 1943, na kuzikwa kando ya Washington katika makaburi ya Tuskegee. Akiba yake, iliyofikia takriban dola 60,000, aliiacha kwa wakfu wa utafiti aliouanzisha mwaka 1940. Ile taaluma aliyoiacha Ames nayo hakuiacha kabisa: Alabama aliendelea kukusanya kuvu wakati wake wa ziada na kuzituma kwa mabingwa, na mwaka 1902 wataalamu Ellis na Everhart walichapisha aina mpya zilizotokana na vielelezo vyake, baadhi yake zikipewa jina la Carver.