Mahbub ul Haq na Uzani wa Maendeleo

Taaluma yangu ni isimu wala si uchumi. Hata hivyo, miongoni mwa wanauchumi waliokwisha kututoka yupo mmoja ambaye ingefaa walimu wa kila somo wamjue: Mahbub ul Haq wa Pakistan, aliyezaliwa mwaka 1934 na kusomea Lahore, Cambridge na Yale.

Katika miaka ya sitini alikuwa mwanauchumi mkuu wa tume ya mipango ya nchi yake. Pato la taifa lilikuwa likipanda kwa kasi, na wageni waliimwagia Pakistan sifa. Mwaka 1968 Haq akafichua kwamba familia 22 tu zilimiliki takriban thuluthi mbili za mali ya viwanda. Nambari iliyosifiwa ilikuwa imeuficha ufukara wa umma.

Baada ya kuhudumu katika Benki ya Dunia na kuwa waziri wa fedha kwao, alijiunga na shirika la UNDP mwaka 1989. Mwaka uliofuata ikatoka ripoti yenye fahirisi ya maendeleo ya binadamu.

Umri wa kuishi hupimwa kwa miaka, kujua kusoma na kuandika kwa asilimia, pato kwa dola. Vitu hivi utavijumlishaje? Kila kipimo kiliwekwa kati ya sifuri na moja, kwa kulinganishwa na kiwango cha chini na cha juu. Pato lilipitishwa kwanza kwenye logi, maana dola mia humfaa maskini kuliko tajiri. Kisha kila kimoja kikapewa thuluthi.

Amartya Sen, rafiki yake tangu Cambridge, alipinga mwanzoni, akiona kwamba maisha ya watu hayakunjiki ndani ya nambari moja. Haq alishikilia kuwa pasipo nambari moja nyepesi, hakuna atakayeacha kulitazama pato la taifa peke yake. Sen akakubali, akasaidia kuiunda.

Nionavyo mimi, uzani ule sawa ulikuwa uamuzi wa thamani, si hesabu. Mwalimu anayejumlisha alama za insha, sarufi na fasihi huamua vivyo hivyo, ingawa ni wachache wanaokiri. Haq alikiri: kanuni yake ilichapishwa, watu wakaikosoa. Wastani ule uliruhusu pato kubwa lifunike elimu duni; kwa hiyo tangu 2010 vipimo huzidishwa, kisha hutafutwa kipeuo cha tatu, ili udhaifu wa kimoja usifichike kwa urahisi.

Haq hakuyaona hayo. Alifariki New York Julai 1998, miezi michache kabla ya Sen kutunukiwa Tuzo ya Nobel.