Naftali Temu: Kijana wa Nyamira ambaye safari ya kwanza ilimlemea

Siku hizi ukifungua simu hukosi video ya kijana aliyekodisha motohomu, yaani lile gari lenye kitanda, jiko na choo ndani, akizunguka nalo Ulaya. Asubuhi anaamka Ujerumani, jioni anapika pasta kando ya ziwa huko Italia. Na wewe uko kwenye matatu ya Kisii kwenda Keroka, magoti yamebanwa, begi liko mapajani, unawaza: siku moja nami pia.

Ndoto si mbaya hata kidogo. Shida ni kwamba tukianza kupanga safari ya kwanza ya mbali, tunahesabu vitu tu. Viza ya Schengen, kibali cha kimataifa cha udereva, koti la baridi, pesa za mafuta. Vyote vinahitajika. Lakini kuna maandalizi mengine ambayo hayaingii kwenye begi, na wa kutufundisha hayo ni kijana mmoja wa Nyamira. Alipanda ndege akiwa na miaka 19, safari ikamshinda, akarudi mikono mitupu. Miaka minne baadaye akawa Mkenya wa kwanza kabisa kushinda dhahabu ya Olimpiki.

Jina lake ni Naftali Temu. Na kama umesoma jina hilo ukajiuliza ni nani, basi hata hilo ni sehemu ya hadithi.

Mtoto wa milima

Temu alizaliwa Aprili 20, 1945, Mugirango Kaskazini, upande wa kuelekea Sotik. Leo tunasema ni kaunti ya Nyamira, lakini enzi hizo Nyamira haikuwa kaunti wala wilaya. Wote walihesabiwa Kisii.

Anayeijua sehemu hiyo anajua kwamba tambarare ni ya kutafuta. Ukitoka nyumbani unapanda, ukirudi unapanda tena. Shamba liko mteremkoni, maji yako bondeni, na mvua ikinyesha njia inateleza kama sabuni. Mji wa Kisii wenyewe uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na sehemu nyingi za Nyamira ziko juu zaidi ya hapo. Mtoto anayekulia huko anazoea hewa nyepesi bila hata kujua kuna hewa nyingine.

Kama wanariadha wengi wa rika lake, Temu alivaa sare. Enzi hizo hakukuwa na mawakala wala mikataba ya viatu. Ukiwa na miguu mizuri, mahali pa kuikuza palikuwa jeshini, kwenye polisi au magereza. Yeye alikuwa mwanajeshi, na ni akiwa jeshini ndipo nchi ilipomjua.

Aliyetangulia

Lakini Temu hakuwa Mkisii wa kwanza kufunga begi. Miaka kumi kabla yake kulikuwa na Nyandika Maiyoro.

Mwaka 1954 Kenya ilikuwa bado koloni. Timu ndogo ya wanariadha ilikuwa njiani kwenda Vancouver, Kanada, kwa michezo ya Jumuiya ya Madola, ikapitia London. Mwezi Julai, katika uwanja wa White City, Maiyoro alisimama kwenye mstari wa mbio za maili tatu bila viatu. Wakati huo wazungu wengi waliamini kwamba Mwafrika anaweza mbio fupi tu, za ndefu hana akili nazo. Bunduki ilipolia, Maiyoro alichomoka kama anayefukuzwa na nyuki, akawaacha wenyeji mbali nyuma. Uwanja mzima ukabaki kinywa wazi.

Mwendo huo haukudumu. Waingereza Fred Green na Chris Chataway walimkamata, wakampita, na kwa sababu ya kasi aliyoanzisha yeye wote wawili wakavunja rekodi ya dunia. Maiyoro alimaliza wa tatu. Huko Vancouver alikuwa wa nne. Alirudi tena Olimpiki mwaka 1956 na 1960, na huko Roma akamaliza wa sita katika mita 5,000.

Kwa hiyo Temu alipokuwa mtoto, tayari mtu wa kwao alikuwa ameshafika Ulaya na kurudi. Hilo peke yake ni maandalizi. Ukijua mtu wa kijiji jirani amefika mahali, mahali hapo panaacha kuwa hadithi ya redioni.

Tokyo: begi lilijaa mno

Oktoba 1964. Kenya ilikuwa na uhuru wa miezi kumi tu, na hii ilikuwa Olimpiki yake ya kwanza kama nchi huru. Temu alikuwa na miaka 19 tu.

Aliandikishwa mbio mbili, tena si mbio za mchezo: mita 10,000 na marathon. Kwanza zilikuja mita 10,000, mizunguko 25 uwanjani. Temu hakumaliza. Wiki moja baadaye akaingia marathon, kilomita 42 na ushee katika barabara za Tokyo. Alifika mwisho, lakini akiwa wa 49. Mshindi alikuwa Abebe Bikila wa Ethiopia, aliyekuwa akishinda marathon ya Olimpiki kwa mara ya pili mfululizo.

Katika michezo hiyohiyo Wilson Kiprugut alipata shaba ya mita 800, medali ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki. Kwa hiyo sifa zote zilienda kwake, na ndivyo ilivyopasa. Yule kijana wa Mugirango Kaskazini alirudi na namba mbili ambazo hakuna anayezitundika ukutani: hakumaliza, na wa 49.

Tazama makosa ya hiyo safari kama ungekuwa unapanga ya kwako. Kijana wa miaka 19, nchi ngeni, chakula kigeni, na mbio mbili ngumu ndani ya wiki moja. Ni kama mtu ambaye hajawahi kuendesha gari upande wa kulia wa barabara, halafu anapanga nchi sita kwa siku kumi na motohomu ya kukodi. Hana uvivu, hana ujinga. Ameweka vituo vingi mno kwenye safari ambayo hajui itamdai nini.

Kingston: akaanza kuogopwa

Wengine wangeishia hapo. Temu alirudi mazoezini.

Agosti 1966 alikuwa Kingston, Jamaika, kwa michezo ya Jumuiya ya Madola. Mbio zake zilikuwa maili sita, karibu kilomita 10. Mbele yake alikuwa Ron Clarke wa Australia, na hapo ni lazima tusimame kidogo. Clarke ndiye aliyeshikilia rekodi ya dunia ya mbio hizo na ya mita 10,000. Alikuwa na tabia ya kukimbia kwa kasi moja kali kuanzia mwanzo mpaka mwisho, mpaka wenzake wote wanyongee. Watu wengi walikuwa wakishindania nafasi ya pili tu.

Katika joto la Kingston, aliyenyongea alikuwa Clarke. Temu alimshinda kwa zaidi ya sekunde 20, pengo ambalo kwa mbio hizo ni kubwa kweli. Kipchoge Keino naye alishinda maili moja na maili tatu. Ghafla dunia ikaanza kuuliza Kenya iko upande gani wa ramani.

Mexico: milima ikalipa

Olimpiki ya 1968 ilipelekwa Mexico City, mji ulio karibu mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Kule hewa ni nyepesi na mkimbiaji aliyezoea pwani anahema mapema. Nchi tajiri zilishtuka. Ufaransa ilijenga kituo cha mazoezi huko Font-Romeu, katika milima ya Pyrenees, mita 1,850 kwenda juu. Marekani iliwapeleka wanariadha wake Echo Summit, milimani California. Fedha nyingi zilitumika kutafuta kitu ambacho mtoto wa Nyamira anakipata akitumwa maji.

Oktoba 13, fainali ya mita 10,000. Mbio zilianza polepole, kila mtu akiogopa ile hewa. Keino, aliyekuwa akisumbuliwa na maumivu makali ya tumbo, alianguka nje ya njia ikiwa imebaki mizunguko michache ya mbio hizo. Kundi likazidi kupungua, mwisho wakabaki watatu: Temu, Mamo Wolde wa Ethiopia na Mohammed Gammoudi wa Tunisia. Waafrika watupu.

Kengele ya mzunguko wa mwisho ilipolia, Wolde akachomoka. Alionekana ameshamaliza kazi. Temu akamfuata, akazidi kumkaribia, na katika mita 50 za mwisho akampita. Muda wake ulikuwa dakika 29, sekunde 27.4. Si muda wa kutisha kwenye karatasi, lakini katika hewa ile ulitosha. Tofauti yake na Wolde haikufika hata sekunde moja. Clarke, mwenye rekodi ya dunia, alimaliza wa sita, akaanguka na kupewa oksijeni.

Hiyo ndiyo dhahabu ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki. Kabla ya Amos Biwott kushinda mbio za kuruka viunzi na maji, kabla ya Keino kushinda mita 1,500, ilikuwa Temu. Siku nne baadaye alirudi uwanjani, akapata shaba ya mita 5,000 nyuma ya Gammoudi na Keino. Kisha Oktoba 20 akaingia marathon. Alikuwa miongoni mwa waliokuwa mbele kwa muda, halafu miguu ikagoma, akamaliza wa 19. Umeona? Begi bado lilikuwa limejaa kama la Tokyo. Tofauti ni kwamba sasa mbebaji alikuwa na miaka 23 na alishajua uzito wake.

Kenya iliondoka Mexico na medali tisa, tatu zikiwa za dhahabu.

Baada ya kelele

Rais Jomo Kenyatta alimpa Temu shamba la hekta 23 huko kwao Mugirango Kaskazini. Kilele chake hakikurudi tena. Mwaka 1970, katika michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, alimaliza wa 19 kwenye mita 10,000. Baada ya hapo alistaafu mbio, akarudi milimani alikotoka.

Alifariki jijini Nairobi Machi 10, 2003, kwa saratani ya tezi dume, akiwa na miaka 57 tu. Wakati huo dunia nzima ilishazoea kuona Wakenya wakishinda, na vijana wengi waliokuwa wakishangilia hawakujua mlango ulifunguliwa na nani. Kumbe hata leo, mwulize mwenzako dhahabu ya kwanza ya Kenya ilishindwa na nani. Wengi watasema Keino.

Cha kubeba

Sasa turudi kwenye ile motohomu yako.

Temu hakuandaliwa na Tokyo peke yake wala na jeshi peke yake. Aliandaliwa na vilima alivyopanda kabla ya kujua kuna Olimpiki, na mtu wa kwao aliyetangulia kwenda London miguu mitupu. Aliandaliwa pia na mbio moja aliyoshindwa kumaliza. Alisafiri vibaya mara ya kwanza, akasafiri tena.

Kwa hiyo kabla ya kuweka pesa ya viza, fanya safari ndogo inayofanana na ile kubwa. Azima Nissan ya mjomba na marafiki wawili, mwende Manga, mlale ndani ya gari usiku mbili mvua ikinyesha. Pikeni humohumo. Mtajua nani anakoroma, nani ananuna asubuhi, gesi inaisha lini, na kama mgongo wako unaelewana na kitanda chembamba. Bora uyajue hayo Nyamira, ambako ukishindwa unarudi nyumbani kwa bodaboda.

Na siku ukiondoka kweli, usiandike nchi sita. Andika mbili. Viza ya Schengen ya matembezi haizidishi siku 90 ndani ya siku 180, lakini hakuna anayekukimbiza uzimalize zote kwa mara moja. Mambo yakienda kombo ukarudi mapema, si mwisho wa dunia. Mtu wa Mugirango Kaskazini alishawahi kurudi na namba 49.