David Livingstone na saa iliyoanguka porini

Tarehe 30 Aprili 1873, katika kibanda cha nyasi kijijini kwa Chitambo, kaskazini mwa nchi ambayo leo ni Zambia, mgonjwa mmoja alimwomba msaidizi wake Susi amletee saa yake. Alikuwa dhaifu mno, hata kuishika hawezi. Akamwelekeza Susi namna ya kuilaza kwenye kiganja, kisha yeye mwenyewe akazungusha ufunguo polepole mpaka saa ikajaa. Kabla ya mapambazuko ya siku iliyofuata alikutwa amekufa, amepiga magoti kando ya kitanda.

Mgonjwa huyo ni David Livingstone. Wengi tulimsoma shuleni kama mmisionari, daktari na mpinga biashara ya utumwa. Leo tunamtazama kwa upande mwingine. Tulipozungumzia mafundi saa wa Tarime na Mugumu kipindini, msikilizaji mmoja aliuliza kuna haja gani ya kumlipa fundi kwa saa inayokosea dakika moja tu. Swali ni zuri, na maisha ya Livingstone yana jibu lake.

Alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 huko Blantyre, Scotland, katika familia maskini. Akiwa na miaka 10 aliajiriwa kwenye kiwanda cha pamba, kazi ikianza saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku. Baada ya hapo alikwenda darasani. Alisomea udaktari, akafika Afrika Kusini mwaka 1841 kama mmisionari, na mwaka 1845 akamwoa Mary Moffat.

Mwaka 1852, akiwa Cape Town, alijifunza kwa mtaalamu wa nyota Thomas Maclear namna ya kupima mahali alipo kwa kutumia jua, mwezi, nyota na saa. Elimu hiyo ndiyo iliyomtofautisha na wasafiri wengi wa wakati wake. Kati ya 1853 na 1856 alivuka bara kutoka Linyanti hadi Luanda, pwani ya Atlantiki, kisha akarudi na kuendelea hadi Quelimane, pwani ya Bahari ya Hindi. Mkononi alikuwa na saa iliyotengenezwa na Dent wa London, ambayo mshale wake wa sekunde uliweza kusimamishwa ili asome wakati kamili. Kampuni hiyo ya Dent ndiyo iliyotengeneza pia saa kubwa ya mnara wa Bunge la Uingereza, ambayo wengi wanaiita Big Ben.

Lakini saa inamsaidiaje mtu kujua yuko wapi? Dunia huzunguka nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi 15 kwa saa moja, au uzi mmoja kwa dakika 4. Chukua mfano wa nyumbani. Tarime iko magharibi ya Dar es Salaam kwa karibu nyuzi 5. Kwa hiyo jua hufika utosini Dar takriban dakika 20 kabla halijafika utosini kwetu, ingawa saa zetu zote zinasoma sawa. Msafiri aliyebeba saa yenye wakati wa Greenwich, Uingereza, hutazama jua au nyota kupata wakati wa mahali alipo. Tofauti ya nyakati hizo mbili humpa longitudo, yaani amekwenda mashariki au magharibi kiasi gani.

Hapo ndipo dakika moja inapokuwa na uzito. Katika maeneo yetu haya ya karibu na Ikweta, saa ikikosea dakika moja, ramani hukosea karibu kilomita 28. Hayo ni masafa makubwa kuliko kutoka Tarime mjini hadi mpakani Sirari.

Safari yake ya mwisho ilianza Machi 1866 aliposhuka Mikindani, kusini mwa Tanzania ya leo, akitafuta chanzo cha mto Nile. Mkewe alikuwa amefariki tangu 1862 kwenye safari ya Zambezi. Januari 1867, katikati ya masika na njia za utelezi, mchukuzi aliyebeba kronomita, yaani saa za usahihi mkubwa, aliteleza akaanguka nazo. Hazikunyamaza. Ziliendelea kutembea, ila kwa mwendo mwingine, na vipimo vyake vya longitudo vikapotoka. Siku chache baadaye wabebaji wawili walitoroka, na sanduku la dawa likapotea nao.

Ukimuuliza fundi yeyote wa saa za mashine, atakwambia kwa nini kuanguka ni hatari. Ndani ya saa kuna gurudumu dogo linalokwenda na kurudi bila kupumzika, likiongozwa na springi nyembamba kama unywele. Mhimili wa gurudumu hilo una ncha nyembamba kuliko ya sindano. Kishindo kimoja chaweza kupinda ncha au kuivuruga springi, na saa ikaanza kukimbia au kuchelewa. Dawa yake ni kuifungua, kuosha vipande, kunyoosha au kubadilisha kilichoharibika, kutia tone dogo la mafuta panapostahili, kisha kuilinganisha na saa nyingine kwa siku kadhaa. Livingstone hakuwa na fundi wa kumfanyia hayo. Saa iliyosimama ingemwambia kwamba ni mbovu, lakini hii iliendelea kupiga.

Aliendelea mbele. Alifika ziwa Tanganyika mwaka huohuo, akaliona ziwa Mweru, na mwaka 1868 akafika ziwa Bangweulu. Alipima, akaandika. Katika miaka hiyo alitegemea chakula na ulinzi wa wafanyabiashara Waarabu na Waswahili, ambao baadhi yao waliuza watumwa, biashara aliyoichukia. Julai 1871 alishuhudia mauaji ya watu sokoni Nyangwe, mashariki mwa Kongo, akarudi Ujiji amevunjika moyo. Hapo ndipo Henry Morton Stanley alipomkuta mwishoni mwa mwaka huo. Hata tarehe za daftari zao hazikupatana, kwa kuwa Livingstone alikuwa amepoteza hesabu ya siku kwa sababu ya magonjwa.

Machi 1872 waliagana karibu na Tabora. Stanley alimtumia wachukuzi wapya kutoka pwani, na Agosti Livingstone akaondoka tena kuelekea Bangweulu. Mvua ilikuwa imefurika. Alitafuta njia akitegemea vipimo vyake vya 1868, navyo havikulingana na nchi aliyoiona mbele yake. Kwa majuma mengi msafara ulihangaika ndani ya maji na matete, naye akitokwa damu kwa ugonjwa wa tumbo. Si saa peke yake iliyomuua. Maradhi, mafuriko na ukaidi wake wa kutorudi nyuma vilikuwamo. Lakini vipimo vibaya vilimweka majini muda mrefu, wakati mwili wake ulihitaji kupumzika mahali pakavu.

Baada ya kifo chake, Susi, Chuma na wenzao waliuzika moyo wake chini ya mti pale kwa Chitambo. Wakaukausha mwili juani, wakaubeba hadi Bagamoyo, safari ya miezi mingi, pamoja na madaftari na vifaa vyake. Njiani, karibu na Tabora, walikutana na mpelelezi Verney Lovett Cameron, aliyechukua baadhi ya vifaa vya kupimia kwa ajili ya safari yake mwenyewe. Livingstone alizikwa Westminster Abbey, London, tarehe 18 Aprili 1874. Bila watu hao, madaftari yale yasingefika popote.

Kwa hiyo msikilizaji wetu, dakika moja ina thamani kulingana na unachoitegemea saa kukifanyia. Ukiitumia kuwahi gari la Musoma, dakika moja haitakuumiza. Hata hivyo, ikiwa saa ya marehemu baba imeanguka na bado inatembea, usiseme ni nzima. Ilinganishe na wakati wa redio leo, kesho na keshokutwa. Ikipotoka kila siku, ipeleke kwa yule mzee wa meza ndogo yenye kioo, mwenye lenzi jichoni na kibano mkononi. Mafundi wa namna hiyo wanapungua mitaani kwetu tangu simu zilipoanza kutuonyesha saa. Waliobaki tuwape kazi, na vijana wakajifunze kwao wakati bado wapo.