Oliver Harrington, Mchoraji wa Kicheko Kichungu

Gazeti likifika darasani wengi wetu hufungua ukurasa wa katuni kwanza. Halafu kuna wanaosema ati katuni ni mambo ya watoto. La hasha! Ningependa uketi kidogo nikusimulie habari za bwana mmoja ambaye kalamu yake iliwakosesha usingizi wakubwa.

Oliver Wendell Harrington alizaliwa tarehe 14 Februari 1912 katika jimbo la New York, Marekani. Baba yake alikuwa Mmarekani mweusi, na mama yake Myahudi kutoka Hungary. Alikulia mtaa wa Bronx. Alipokuwa darasa la sita alifundishwa na mwalimu Mzungu aliyewachukia watoto weusi. Siku moja mwalimu huyo alimsimamisha Oliver na mwenzake mweusi mbele ya darasa, akatangaza kwamba hao wawili mahali pao ni kwenye pipa la takataka. Hebu fikiria! Mtoto angejibu nini? Basi akaanza kumchora mwalimu yule katika daftari lake, akimpitisha hata kwenye mashine ya bucha ya kusagia nyama. (Walimu wetu wapendwa, msiogope. Nasimulia tu.) Huo ndio uliokuwa mwanzo wa uchoraji wake.

Alihamia Harlem, akasomea sanaa hadi akapata shahada Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1940. Kabla ya hapo, mwaka 1935, alikuwa amemzaa Bootsie katika gazeti la watu weusi. Huyu Bootsie ni mzee mnene mwenye upara, mtu wa kawaida kabisa, ambaye kila akigeuka anakumbana na ubaguzi. Wasomaji walimpenda kwa sababu walijiona ndani yake.

Vita vya Pili vilipokwisha Harrington alikifanyia kazi chama cha kutetea haki za watu weusi, akipiga kelele juu ya weusi waliouawa na makundi ya Wazungu. Kelele hizo zilimletea maadui. Wakati huo ukiitwa mkomunisti huko Marekani, umekwisha. Mwaka 1951 akahamia Paris.

Mwaka 1954 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba kutenga watoto shuleni kwa rangi ni kinyume cha katiba. Uamuzi ulikuwa karatasi tu. Mwaka 1957, mjini Little Rock, gavana Orval Faubus aliweka askari ili kuwazuia wanafunzi tisa weusi wasiingie shule ya upili. Rais Eisenhower ikabidi atume askari wa miavuli wapatao 1,000 wawasindikize. Gavana naye mwaka uliofuata akafunga shule za upili za mji mzima!

Katuni ya Harrington ninayoipenda kushinda zote inahusu mambo haya. Majenerali wanapanga vita. Mmoja apeleke vifaru mji huu kuzuga, mwingine avamie mji ule, na katika vurugu hiyo askari wa miguu wajaribu kumfikisha mtoto mmoja mdogo mweusi, Luther, shuleni. Ukiiona unacheka, kisha kicheko kinakwama kooni. Sisi wa shule ya kutwa tunatembea kila asubuhi bila hata askari mmoja, na bado tunachelewa. Lakini babu zetu wanakumbuka jinsi mkoloni alivyogawanya shule hapa Kenya: za Wazungu, za Wahindi, na zetu za mwisho kabisa.

Wengine husema alikimbia vita akachora akiwa mbali. Mimi sikubaliani nao, maana kama angefungwa Luther angechorwa na nani? Kinachonisumbua ni kwamba mwaka 1961 alikwenda Berlin Mashariki, ukuta ukajengwa akiwa upande huo, akabaki. Aliendelea kuicheka Marekani kutoka nchi ambayo nayo iliwazuia raia wake kutoka. Hilo sijalipatia jibu.

Alifariki mjini Berlin tarehe 2 Novemba 1995, akiwa na miaka 83. Katuni ile ya Luther nimeinakili kwa penseli na kuibandika kwenye ubao wa chama chetu. Kuna kijana wa Kidato cha Kwanza ameshanijia mara mbili kuuliza kama yule mtoto alifika shuleni.